Shomari Alicheka Mpaka Kitanda Kikatolewa Nje

Askari wa kwanza alitoka na mtungi wa maji.

Wa pili alitoka na sanduku la nguo.

Na Shomari, fundi bati wa Mtendeni, amekaa barazani kwake, nyundo mkononi… anacheka.

Anacheka kweli, ndugu zangu. Mpaka machozi.

"Mtani, leo umepania," alimwambia mwenye nyumba. "Mpaka askari umewapata? Umewapa nini hawa, michembe, vile viazi vyenu vikavu?"

Mwenye nyumba, Mzee Kashindye, alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, mbele ya mlango wake. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Askari wakarudi ndani. Safari hii walitoka na kitanda.

Nyuma ya kitanda akatoka Mwanahawa, mke wa Shomari, mimba ya miezi minane, amekumbatia mto. Dakika moja kabla alikuwa amelala juu ya kitanda hicho.

Hapo ndipo kicheko kilipomkatika Shomari.

Wengine mtasema alikuwa na wazimu. Hakuwa nao. Shomari ni babu yangu mzaa baba. Haya nayaandika kama alivyomsimulia baba, na baba akanisimulia mimi. Tulia usome, maana wengi wenu humu ni wapangaji, mko ugenini, na mkataba mliotia saini hamjausoma.

Ilikuwa Tabora, enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini na kidogo.

Shomari alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Alisikia kwamba Tabora kuna asali nyingi kuliko madebe ya kuitia. Akafunga mkasi wake wa bati, nyundo mbili na lehemu, akapanda treni daraja la tatu. Hata mtu mmoja Tabora hakuwa anamjua.

Alipotia mguu stesheni tu, mzee mmoja mwenye mabega mapana akamvua kofia.

"Kwa kofia hii, wewe Mzaramo."

"Na kwa mabega hayo, wewe Mnyamwezi. Nipe kofia yangu, mpagazi."

"Sikupi. Babu yangu alipita kwenu na pembe begani, akaomba maji, mkamwambia kisima kimekauka. Kofia ndiyo fidia yake."

"Babu yako alinuka. Tuliogopa atakitia taka kisima."

Wakashikana mikono wakicheka. Huyo ndiye Kashindye.

Kwa asiyejua nieleze. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zama za misafara, watu walipotoka Tabora kwa miguu mpaka pwani. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako, na huruhusiwi kununa. Ukifiwa, anakuja msibani kukuchekesha. Ukinuna, umeharibu. Na ukimpeleka mtani wako barazani kwa liwali, yaani mahakamani, basi wewe umejitoa mwenyewe katika watu.

Hilo la mwisho liweke akilini.

Kashindye alikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, mtaa wa Mtendeni. Katika moja aliishi na mkewe, Bi Batuli. Ya pili aliijenga pamoja na kaka yake, ambaye alikwishafariki. Hiyo ya pili ndiyo aliyompangisha Shomari: vyumba viwili, ua, na baraza ya kufanyia kazi.

Shomari alitaka waafikiane kwa mdomo tu. Aliyekataa ni Anton, karani aliyekuwa akiwaandikia watu barua karibu na posta.

"Hapa ni mjini," Anton alisema. "Mdomo unasahau. Niandike."

Akaandika. Shomari alijua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena vizuri, ila herufi za Kizungu hapana. Basi Anton akamsomea polepole.

"Paa likiharibika, ni juu ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake, ampe mpangaji notisi ya miezi mitatu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili. Mpangaji akiwa na pingamizi, alipeleke kwa liwali ndani ya siku thelathini. Akinyamaza, amekubali."

Anton akainua kalamu.

"Hizo siku thelathini ni zako, bwana Shomari. Ni ngao yako. Usizisahau."

"Ngao ya nini?" Kashindye akadakia. "Mzaramo ukimtisha anapiga ngoma tu."

Wakacheka. Dole gumba likapigwa.

Miaka minne ikapita, na ilikuwa miaka mizuri. Shomari alikuwa hodari. Watu wa asali walimfuata kutoka vijijini, na mifuniko yake haikuvuja hata tone. Akatuma watu kwao, akaletewa mke, Mwanahawa.

Mwaka wa pili nyasi za paa zilioza. Mkataba ulisema nini? Kazi ya mwenye nyumba. Lakini Shomari aliokota madebe makuukuu, akayapasua, akayanyoosha, akaezeka nyumba nzima kwa mikono yake. Hakudai hata shukrani.

"Mwambie japo akupunguzie kodi," Mwanahawa alimwambia.

"Nimdai mtani wangu? Watu watanionaje?"

Na kila mwezi ulipoandama, Kashindye alisimama katikati ya njia, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Wewe mla tui, hama nyumbani kwangu."

"Nihame niende wapi? Mpagazi ni wewe, jitwishe nyumba yako uende nayo."

Majirani walikuwa wakitoka kusikiliza. Marko, muuza chumvi wa nyumba ya tatu, alikuwa akicheka mpaka anakalia gunia.

Mwaka mmoja Kashindye alizidisha. Alichana karatasi ya sukari, akamwomba Anton aandike: "Notisi. Mpangaji ahame kabla jogoo hajawika." Akaileta uso umekunjwa kama hakimu.

Shomari akaipokea kwa adabu. Usiku kucha hakulala, akatengeneza tarumbeta la bati. Alfajiri akalipuliza mlangoni kwa Kashindye.

"Jogoo kawika, mtani. Na mimi bado nipo."

Bi Batuli alitoka na mwiko, akawafukuza wote wawili. Kichekesho hicho kilisimuliwa Mtendeni mwaka mzima.

Sasa sikiliza.

Mwezi wa nane wa mwaka ule wa nne, alikuja kijana kutoka Ziba. Anaitwa Selemani, mtoto wa yule kaka yake Kashindye aliyefariki. Alikaa kwa baba yake mdogo siku tatu. Shomari, kutoka barazani kwake, alisikia sauti zikipanda na kushuka ng'ambo ya njia, Kinyamwezi kitupu, asielewe neno.

Siku ya nne Kashindye alivuka njia. Nyuma yake Anton na Marko. Mkononi, karatasi.

Shomari alipoiona tu, akaanza kucheka.

"Ehe. Leo jogoo anawika saa ngapi?"

Kashindye naye akacheka. "Leo huponi, mla tui. Leo nimekuja na mashahidi."

"Marko shahidi? Huyu anapima chumvi kwa kidole."

Marko akatabasamu kidogo. Anton akafungua karatasi, akasoma. Kwamba mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Kwamba mpangaji ana miezi mitatu. Kwamba mwenye pingamizi aende barazani kwa liwali ndani ya siku thelathini.

"Anton, sauti yako ya kusomea uongo ni nzuri," Shomari alisema. "Ungekuwa padri."

"Bwana Shomari," Anton alisema, "hii ni…"

"Lete niweke dole."

Alipangusa kidole kwenye masizi ya jiko lake la kulehemia, akakigandamiza kwenye karatasi mbili, nakala ya kwao na nakala yake.

Kashindye hakuondoka. Alibaki amesimama.

"Mtani," alisema, huku bado anacheka, "una siku thelathini. Nenda barazani."

"Nitakwenda na ngoma."

"Nenda barazani, Shomari."

"Nitakwenda na mkeo awe shahidi wangu."

"Nakwambia nenda barazani."

Mara tatu. Zihesabu, maana Shomari hakuzihesabu siku ile. Alizihesabu baadaye, maisha yake yote.

Walipoondoka, aliikunja ile nakala yake, akawashia mkaa.

Mwanahawa alikuwa ameyasikia yote, yuko nyuma ya mlango.

"Mume wangu, leo mzee hakuwa anacheka."

"Hukumsikia?"

"Nimemsikia. Nimemwona pia. Meno yalicheka, macho hayakucheka."

"Wewe mwanamke una mimba, unaona mambo."

Kesho yake Mwanahawa akavuka njia mwenyewe. Alimkuta Bi Batuli anapeta mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mama, ile karatasi ya jana ni utani?"

Bi Batuli akaendelea kupeta. Akapeta mpaka pumba zote zikaisha, na bado akapeta.

"Mwambie mumeo aende barazani," akasema.

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Mimi mambo ya wanaume siyajui. Mwambie aende."

Mwanahawa alirudi, akamwambia. Alimwambia siku ile, akamwambia wiki iliyofuata, akamwambia siku ya ishirini na tisa.

Siku hiyo Shomari aliweka nyundo chini.

"Sikiliza, mke wangu. Chukua kwamba ni utani. Nikienda barazani, mji mzima utasema Mzaramo katishwa na karatasi, kamshtaki mtani wake. Habari itafika Kisarawe kabla ya treni."

"Na kama si utani?"

"Kama si utani, aje aniambie uso kwa uso bila kucheka. Hajaja."

Na kweli, Kashindye hakuja. Mwezi ulipoandama hakusimama njiani kupaza sauti. Uliofuata pia hakusimama. Shomari akasema mzee ana homa.

Siku ya thelathini ilipita, yeye anafunga mifuniko ya madebe.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zinakaribia, wakaja askari wawili na amri ya baraza. Selemani alikuwa ameipeleka ile nakala yenye dole la masizi. Mpangaji alipewa notisi, alinyamaza, amekubali. Hapo ndipo nilipoanzia.

Kitanda kilipowekwa njiani, Shomari alitupa nyundo, akakimbia mpaka barazani kwa liwali. Alifika anahema. Liwali alikuwa mzee mpole, akampa maji kwanza.

"Ulipewa notisi?"

"Nilipewa, bwana liwali."

"Ulisomewa?"

"Nilisomewa."

"Ulifanya nini?"

Shomari akatazama mikono yake.

"Nilicheka."

Waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Liwali hakucheka.

"Lile paa la madebe, nani aliliezeka?"

"Mimi."

"Kwa gharama ya nani?"

"Yangu."

"Mkataba unasema ni juu ya mwenye nyumba. Mbona hukudai?"

"Ni mtani wangu, bwana."

Liwali akaigeuza ile nakala yenye dole.

"Ungekuja zile siku thelathini, ningewaita wote na kuwauliza nyumba wanaitakia nini. Nimesikia ni ghala la tumbaku la mtu wa Usoke. Mpangaji hadaiwi kodi, paa kaezeka mwenyewe, mkewe ana mimba… ningekataa. Leo amri imeshatoka, na dole ni lako. Sina pa kushika."

Akarudi mikono mitupu.

Marko ndiye aliyewapokea. Hakuwa na chumba, akawapa kibanda cha nyuma, alimokuwa akiweka magunia matupu ya chumvi. Kilikuwa na paa la nyasi, tena nyasi za miaka. Shomari akasema ataliezeka wiki ile ile. Lakini bati hakuwa nalo, madebe yake yote mazuri yalikuwa juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Mvua ilinyesha siku sita mfululizo.

Mwanahawa alijifungua siku ya nne, kabla ya wakati wake, maji yanatiririka ukutani. Mkunga alikaa ameshika sufuria kukinga matone yasimwangukie. Mtoto akatoka mzima, mdogo kama paka. Mama akapata homa.

Siku ya tisa, Mwanahawa akafa.

Alimwambia mumewe maneno machache tu kabla.

"Bwana, paa letu lile… halikuvuja hata mara moja."

Shomari alipokuwa akisimulia, alikuwa akifika hapo anatoka nje. Akirudi, anaendelea mbele kidogo, kama vile amesharuka kitu.

Makaburini walikwenda wanaume wengi. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, watu wakapisha njia. Kashindye alikuwa amekuja.

Kimila, ni kazi yake. Mtani huingia kaburini, hulala humo, hukataa kutoka mpaka apewe kitu. Watu hucheka kidogo na msiba hupungua uzito. Hakuna anayeweza kumzuia.

Kashindye akashuka. Akalala kwenye ule udongo mbichi.

"Sitoki," akasema.

Watu wakaanza kutabasamu.

"Toka, mtani," Shomari akamwambia. Sauti haikuwa na kitu ndani yake.

"Sitoki."

"Unataka nini?"

"Nilikwambia uende barazani."

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Nilikwambia mara tatu," Kashindye akasema kutoka chini. "Selemani alinishika shingo. Nyumba ni nusu yake. Alisema nisipotoa notisi, atadai igawanywe. Nikajua liwali atakataa, na yeye atarudi Ziba. Nilikungoja uende. Nilikaa mlangoni kwangu siku thelathini, nakutazama, nasema leo atakwenda… leo atakwenda…"

"Ulikuwa unacheka," Shomari akasema.

"Ningekwambiaje bila kucheka? Wewe ni mtani wangu. Na kijana yule alikuwa dirishani anatazama."

"Ungevuka njia siku nyingine."

"Niliona aibu."

"Toka humo."

"Sitoki. Mleteni huyo mama mnizike naye. Mimi ndiye niliyemtoa kitandani."

Watu wakaangua kicheko. Wote. Wengine walishikilia matumbo, wakasema huyu mzee leo kapatia, utani kama huu Tabora haujapata kusikika. Wakatoa vijisenti wakamrushia, kama desturi inavyotaka. Na Kashindye amelala kule chini, senti zinamwangukia kifuani, analia machozi kabisa, na hakuna anayemwamini.

Isipokuwa mtu mmoja.

Shomari akamnyooshea mkono, akamtoa. Kisha wakamzika Mwanahawa.

Yule mfanyabiashara wa Usoke aliweka tumbaku yake kwenye ile nyumba msimu mmoja. Akasema ni mbali na stesheni, akahama. Selemani hakupata mwingine. Vyumba vikafungwa kufuli, mchwa wakala milango. Paa la madebe likabaki zima, limefunika nyumba isiyo na mtu. Mtoto aliyezaliwa kibandani ndiye baba yangu. Alikua ananyonya maziwa ya mbuzi na kuhamahama vyumba vya watu. Na mimi ninayeandika hapa bado nalipa kodi.

Basi mpangaji mwenzangu, hasa uliye mbali na kwenu. Mwenye nyumba akikupenda, mshukuru. Lakini karatasi ikija, mpelekee mtu asiyekupenda wala kukuchukia akusomee. Zihesabu siku. Kilichoandikwa kuwa haki yako kidai mapema, hata kama utaonekana mbaya, hata kama yule unayemdai mnakula sahani moja. Shomari alikuwa na ngao mkononi. Akawashia mkaa.

Nimalizie na hili, kisha niwaache.

Shomari hakurudi Kisarawe. Alifanya kazi Tabora mpaka uzee wake, kwenye baraza nyingine. Na mwezi ulipoandama, kila mwezi, Kashindye alikwenda mpaka hapo, akasimama mbele yake na mabega yake yaliyoanza kuinama. Alikuwa anangoja. Alingoja aitwe mpagazi, mla michembe, lolote.

Shomari alikuwa akiweka nyundo chini. Anasimama. Anainamisha kichwa kama mtoto mwenye adabu mbele ya mtu mzima asiyemjua.

"Shikamoo, mzee."

Na Kashindye anaitikia.

"Marahaba."

Kisha anarudi alikotoka.